Unyoya na Mlima: Fani kama Zoezi la Kuukabili Wasiwasi katika Mchezo wa Video wa Celeste

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi umeichukulia michezo ya video kuwa jambo lililo nje ya mipaka yake. Mhakiki aliyeigusa aliigusa kwa kupita tu, na mara nyingi kwa nia ya kulalamika kuwa vijana wameacha kusoma. Wakati huohuo, wanasaikolojia na waganga wa maradhi ya akili wamekuwa wakiichunguza michezo hiyohiyo kwa swali jingine kabisa: je, inaweza kumsaidia mtu mwenye wasiwasi kuimudu hali yake? Baadhi ya matokeo ya tafiti hizo yanastahili kuzingatiwa. Hata hivyo, tafiti zenyewe hupima athari pasipo kueleza jinsi kazi iliyoleta athari hiyo ilivyojengwa. Zinaeleza kuwa mchezaji alitulia. Hazielezi ni kipengele kipi cha utunzi kilichomtuliza. Hilo la pili ni swali la fani, na swali la fani ni la mhakiki.

Makala haya yanakusudia kulishughulikia swali hilo kwa kuuchambua mchezo wa Celeste, uliotolewa Januari 2018 na kundi dogo la watunzi wakiongozwa na Maddy Thorson na Noel Berry, muziki wake ukiwa umetungwa na Lena Raine. Mchezo huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, wasiwasi ndiyo dhamira yake kuu: mhusika wake, Madeline, ni msichana anayepanda mlima huku akisumbuliwa na hofu ambazo hawezi kuzieleza. Pili, ni mchezo mgumu sana. Mchezaji wa kawaida hufa mamia ya mara kabla ya kufika kileleni, na wengine hufa maelfu ya mara. Hapo pana kinzano inayodai kufafanuliwa. Yawezekanaje kazi inayomtia mchezaji jakamoyo kila baada ya sekunde chache isifiwe kwa kuwasaidia wenye jakamoyo?

Hoja kuu ya makala haya ni kuwa nasaha zinazotamkwa na wahusika wa Celeste si kiini cha msaada wake. Kiini hicho kimo katika mpangilio wa kushindwa na kurudia ambao mchezaji anaupitia kwa vidole vyake mwenyewe. Isitoshe, mchezo wenyewe unalitambua jambo hili, kwani unaionyesha nasaha yake maarufu kuliko zote ikishindwa mbele ya macho ya mchezaji. Ikiwa hoja hii itakubalika, basi mgawanyo wa fani na maudhui uliozoeleka katika uhakiki wa Kiswahili hauna budi kupanuliwa ili ulikaribishe tendo la mpokezi.

2.0 Wasiwasi: Neno na Mwili

Kabla ya kuingia katika uchambuzi, inafaa dhana yenyewe itazamwe kwa jicho la lugha. Kiswahili kina msamiati mpana wa hali hii: wasiwasi, wahaka, jakamoyo, fadhaa, kiherehere cha moyo. Maneno haya hayalingani kimaana, lakini yanadokeza mambo mawili ambayo yatajitokeza tena baadaye.

La kwanza ni sauti. Neno wasiwasi lina asili ya Kiarabu, na huko asili linahusiana na kunong'ona. Sura ya mwisho ya Kurani ni dua ya kujikinga na shari ya mnong'onezaji anayenong'ona katika vifua vya watu. Kwa hiyo, kabla wasiwasi haujawa hali ya moyo, ulikuwa tendo la msemaji asiyeonekana. Mwenye wasiwasi si mtu anayehisi tu. Ni mtu anayesemeshwa.

La pili ni mwili. Misemo ya Kiswahili haiuweki wasiwasi kichwani, penye fikira. Moyo humwenda mtu mbio, tumbo huwa joto, roho huwa juu. Mzungumzaji anayesema hivi hatoi tamathali tupu. Anaeleza kwa usahihi mkubwa kile ambacho mwili hufanya unapojiandaa kukabili hatari ambayo pengine haipo. Hapa lugha na uganga zinakutana. Waganga wa maradhi ya wasiwasi wanashikilia kuwa mgonjwa hujizidishia hofu kwa kukiepuka kile anachokiogopa: kila anapokiepuka hupata nafuu ya muda, na nafuu hiyo humfunza kuepuka tena. Ndiyo maana mojawapo ya tiba zilizothibitika ni kumrudisha mgonjwa kidogo kidogo kwenye kile anachokihofia, mpaka mwili wake ujifunze kwamba hofu hupanda kisha hushuka. Maelezo peke yake hayatoshi. Mwili haushawishiki kwa hoja; hushawishika kwa kurudia.

3.0 Ushahidi wa Waganga na Pengo Lake

Tafiti tatu zinatosha kuonyesha yale yaliyokwisha kupatikana na yale ambayo bado yanamsubiri mhakiki.

Ya kwanza inahusu Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford walionyesha kuwa watu waliotazama filamu yenye matukio ya kutisha, kisha wakacheza Tetris muda mfupi baadaye, walijiwa na taswira chache za ghafla za matukio yale kuliko wasiocheza. Mwaka 2017 kundi hilo la watafiti lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa hospitalini kwa watu 71 waliokuwa wametoka kupata ajali za barabarani. Waliocheza Tetris, baada ya kukumbushwa ajali yao, walipata taswira hizo kwa upungufu wa asilimia 62 katika wiki iliyofuata wakilinganishwa na wenzao. Maelezo yanayotolewa ni kuwa kuyageuza maumbo machoni na kuyapangia mahali huitwaa sehemu ileile ya akili ambayo ingeihifadhi taswira ya kutisha. Kwa mhakiki, jambo la kuzingatiwa ni kuwa Tetris haina kisa, haina mhusika wala dhamira. Ni fani tupu.

Ya pili ni ya SPARX, mchezo uliotungwa katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, chini ya uongozi wa Sally Merry kwa ajili ya vijana wenye sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu ambayo mara nyingi huandamana na wasiwasi. Mchezaji huingia katika ulimwengu wa kubuni na kupambana na mawazo mabaya yaliyopewa umbo la wadudu warukao, huku kiongozi akimfafanulia mafunzo mwanzoni na mwishoni mwa kila sehemu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyowahusisha vijana 187, yalionyesha kuwa mchezo huo haukuzidiwa na huduma ya kawaida ya ushauri.

Ya tatu ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. MindLight ni mchezo wa Kiholanzi ambao ndani yake mtoto anaingia katika jumba la bibi yake lililotawaliwa na giza. Mchezaji huvaa utepe kichwani unaosoma mawimbi ya ubongo: kadiri anavyotulia, ndivyo nuru inavyotanda. Mwaka 2016 watafiti wakiwemo Elke Schoneveld na Isabela Granic waliulinganisha mchezo huo na mchezo wa kawaida wa biashara ambao haukutungwa kwa nia ya kumtibu mtu. Watoto 136 walishiriki. Wasiwasi wao ulipungua katika makundi yote mawili, na upungufu huo haukutofautiana.

Matokeo haya yanaweza kufasiriwa kwa njia kadhaa. Pengine watoto walipona kwa kutarajia kupona. Pengine muda wenyewe uliwasaidia. Lakini pana fasiri nyingine ambayo uhakiki hauna ruhusa ya kuipuuza: huenda kitu kinachosaidia kimo katika michezo yote miwili, na hakikuandikwa katika nia ya watungaji wa ule uliokusudiwa kutibu. Mchezo wa kawaida nao una giza lake, mashimo yake, kuanguka kwake na kuanza kwake upya. Nia ya kutibu ni jambo moja. Umbo linalotibu ni jambo jingine.

4.0 Kutoka kwa Mtazamaji hadi kwa Mtendaji

Nadharia ya kwanza inayomjia mhakiki akilini ni ya Aristotle. Katika Poetics, tanzia inaelezwa kuwa huamsha huruma na hofu na kwa njia hiyo kuleta utakaso wa hisia hizo. Wazo kuwa hofu yaweza kutulizwa kwa hofu si geni basi. Lakini mpokezi wa Aristotle ni mtazamaji. Oedipus huanguka mara moja, huanguka kwa niaba ya watu wote waliokaa, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kumzuia.

Hali hiyo ndiyo inayomkabili msomaji wa riwaya. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anampa Kazimoto nafsi ya kwanza, na kwa hiyo msomaji anaishi ndani ya fikira zake: mashaka yake, chuki yake, uchovu wake na maisha. Ni riwaya chache za Kiswahili zilizoifikia kwa undani kiasi hicho nafsi isiyo na raha. Lakini ukaribu huo haumpi msomaji uwezo wowote. Kazimoto anapoamua kuyakatisha maisha yake, msomaji aliyekuwa ndani ya kichwa chake anajikuta nje. Nguvu ya tanzia hiyo inatokana na kutoweza huko. Si upungufu wa riwaya. Ni sharti la utanzu wake.

Fasihi simulizi ilikwisha kulijua sharti tofauti. Mtambaji wa ngano anapoanza kwa "Paukwa!" hadhira huitika "Pakawa!", na kwa mwitiko huo duara hufungwa. Ndani ya duara hilo zimwi laweza kula watu, mtoto akatetemeka, na kesho yake akaomba hadithi ileile isimuliwe tena. Ombi hilo la kurudia ni muhimu. Mtoto hataki kujua kitakachotokea, kwa kuwa anakijua. Anataka kuipitia hofu akiwa na hakika kuwa ina mwisho. Aidha, hadhira ya ngano huimba kiitikio, hujibu maswali, na wakati mwingine humsahihisha mtambaji. Mwanahistoria wa Kiholanzi Johan Huizinga, katika Homo Ludens (1938), aliiona michezo ya watu wazima pia kuwa imezungushiwa mipaka ya aina hii, ambayo ndani yake kanuni za kawaida husimamishwa kwa muda.

Mchezo wa video unaichukua nafasi hiyo ya hadhira tendaji na kuifikisha mbali zaidi. Espen Aarseth, katika Cybertext (1997), alisisitiza kuwa zipo matini ambazo mpokezi hawezi kuzipitia bila ya kutoa juhudi iliyo zaidi ya kusoma na kufunua kurasa. Naye Jesper Juul, katika The Art of Failure (2013), aliuliza ni kwa nini watu wanaochukia kushindwa huitafuta michezo inayowashinda, akalilinganisha swali hilo na lile la kale kuhusu raha ya tanzia. Tofauti aliyoibainisha ndiyo ufunguo wa makala haya: mhusika wa tanzia hushindwa mbele ya mtazamaji, ilhali katika mchezo anayeshindwa ni mchezaji mwenyewe. Mwili unaopata joto la tumbo ni wake.

5.0 Uchambuzi wa Celeste

5.1 Kifo kama Kituo

Kanuni za Celeste ni chache. Madeline hukimbia, huruka, hukwea ukuta kwa muda mfupi kabla ya kuishiwa nguvu, na hujirusha hewani mara moja tu hadi atakapokanyaga chini. Rangi ya nywele zake ni ishara: zikiwa nyekundu bado anao mruko mmoja, zikigeuka buluu umekwisha. Kila sura imegawanywa katika vyumba vidogo, vingi vikiwa na ukubwa wa skrini moja, vilivyojaa miiba, mashimo na vitu vinavyoporomoka. Akigusa mwiba, hufa.

Jinsi kifo hicho kilivyotungwa ndiyo sehemu yenye maana kubwa zaidi katika kazi hii. Madeline hutawanyika, na katika muda usiozidi pumzi moja hurejea mwanzoni mwa chumba kilekile. Muziki haukatiki. Hakuna maandishi yanayomtangazia mchezaji kuwa ameshindwa, wala hakuna hesabu ya nafsi zinazobaki kama ilivyokuwa katika michezo mingi ya zamani. Vifo huhesabiwa, lakini mapema kabisa mchezaji hupokea postikadi inayomshauri ajivunie hesabu hiyo, kwa maana kila kifo ni funzo.

Hapa yafaa kutofautisha kati ya kile postikadi inachosema na kile chumba kinachofanya. Wosia wa kutokata tamaa ni wa kawaida. Waswahili husema kuteleza si kuanguka, na mwenye wasiwasi amekwisha kuusikia wosia wa aina hiyo mara nyingi bila ya kupona. Chumba, kwa upande wake, hakisemi lolote. Kinamrudisha mchezaji kwenye mwiba uleule mara 20, mara 40, na kila mara gharama ya kuanguka ni sekunde moja. Katika mara ya kwanza vidole vinakakamaa. Katika mara ya 30 mchezaji anagundua kuwa kifo kilichokuwa kikimtisha kimegeuka kuwa kituo cha kupumzikia kabla ya kujaribu tena. Huu ndio mpangilio ambao waganga huutumia wanapomrudisha mgonjwa kwenye hofu yake kwa vipimo vidogo, isipokuwa hapa umekuwa mizani ya utunzi, kama vile vina na mizani vinavyoupa utenzi mwendo wake. Ukiongeza muda wa kurejea ukawa sekunde 10, au ukiukata muziki kila Madeline anapokufa, kisa kitabaki kilekile neno kwa neno, lakini maana yake itakuwa imegeuka. Mchezo utakuwa unasema kwamba kuanguka ni msiba.

5.2 Unyoya Ulioharibiwa

Tukio linalotajwa zaidi katika mijadala kuhusu mchezo huu limo katika sura ya nne. Madeline na msafiri mwenzake, Theo, wamepanda kigari kinachoning'inia kwenye waya kati ya majabali. Kigari kinakwama. Giza linatanda, na Madeline anashikwa na hofu ya ghafla inayombana kifua. Theo anamwelekeza afikirie unyoya unaoelea mbele yake, na aupumulie taratibu ili usianguke. Hapo skrini inageuka: mchezaji anauona unyoya, na kwa kubonyeza na kuachia kitufe anauweka ndani ya kisanduku kinachopanda na kushuka kwa mwendo wa pumzi. Kigari kinaanza tena kwenda.

Wasifiaji wengi huishia hapo. Kwao, hili ndilo tukio linalouthibitisha mchezo kuwa tiba, kwa kuwa zoezi hilo la pumzi linaweza kubebwa na mchezaji hadi nje ya mchezo. Lakini usomaji unaoishia katika sura ya nne ni usomaji wa nusu ya kazi. Katika sura ya sita, baada ya kumweleza Theo kuwa anasumbuliwa na sonona na mashambulio ya hofu, Madeline anakabiliana na adui yake na kumwambia kwamba hamhitaji tena na kwamba atamwacha nyuma. Adui anakasirika. Madeline anaukumbuka unyoya na kujaribu kuutumia. Adui anaubeza, unyoya unaharibiwa, na Madeline anaporomoka hadi chini ya mlima, akipoteza kimo chote alichokuwa amekipata.

Tukio hili linahitaji ujasiri wa utunzi. Mchezo umemfundisha mchezaji mbinu, umemfanya aizoeze kwa mkono wake, kisha umeikana. Kwa nini? Kwa sababu katika sura ya nne unyoya ulikuwa njia ya kubaki na hofu mpaka ipungue. Katika sura ya sita Madeline anautumia kama hirizi ya kuifukuza. Zoezi ni lilelile, lakini tendo limebadilika: lile la kwanza lilikuwa kukabili, hili ni kuepuka. Unyoya hautoweki moja kwa moja. Katika sura hiyohiyo manyoya ya dhahabu yanatapakaa njiani, na Madeline anapoligusa mojawapo hugeuka nuru na kuruka kwa muda mfupi ambao mchezaji lazima auelekeze kwa uangalifu. Kilichoshindwa kama neno la kinga kinarudi kama ustadi wa mwendo. Mchezaji haambiwi hivyo, anatakiwa avuke.

5.3 Mnong'onezaji Apewa Mwili

Adui huyo anatokea katika sura ya pili, wakati kioo kinapopasuka na taswira ya Madeline inapotoka humo. Ana sura yake, ila rangi zake zimegeuzwa. Mchezo humwita sehemu ya Madeline. Wachezaji wamezoea kumwita Badeline. Kazi yake ya kwanza ni kusema: anamwambia Madeline kwamba hawezi kupanda mlima, kwamba arudi nyumbani. Kazi yake ya pili ni kukimbiza, na hapa utunzi unafikia ubora wa pekee. Badeline hana njia yake mwenyewe ya kutembea. Anafuata hatua zilezile za mchezaji, akichelewa kidogo tu. Kila ruko la kusitasita, kila kurudi nyuma, hurudi dhidi ya mchezaji baada ya muda mfupi. Mchezaji anayesimama kufikiri ananaswa na nafsi yake ya sekunde chache zilizopita.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ya kulitambua jambo hili kwa jina lake. Huyu ni mnong'onezaji, wasiwasi kwa maana yake ya asili, aliyepewa mwili na kanuni ya mwendo. Hata hivyo, Celeste inatofautiana na mapokeo ya kujikinga naye. Alipoporomoka chini, Madeline anakutana na bibi kizee wa mlimani, ambaye anamdokezea kuwa huenda sehemu hiyo yake nayo inaogopa, na kwamba afadhali azungumze nayo. Kinachofuata ni mbio zilizopinduliwa: sasa Madeline ndiye anayemfuata Badeline, huku huyo akimrushia vizuizi, mpaka wanapokubaliana. Tokeo la suluhu hiyo halielezwi kwa hotuba. Nywele za Madeline zinageuka waridi, na tangu hapo anaweza kujirusha mara mbili hewani.

Katika sura ya saba wawili hao wanaupanda mlima wote tangu mita 0 hadi mita 3000, wakipita katika maeneo yanayokumbusha kila sura iliyotangulia. Umbali uliochukua sura sita sasa ni sura moja. Mchezaji hajasomewa tamko kwamba Madeline amekua. Anaupima ukuaji huo kwa vyumba ambavyo hapo mwanzo visingevukika. Maudhui yamegeuka kuwa uwezo.

Wala mchezo haudai kuwa Madeline amepona. Katika sura ya ziada iliyotolewa mwaka 2019, bibi kizee amefariki, na Madeline anakataa kuukubali msiba huo; Badeline ndiye anayejaribu kumrejesha kwenye ukweli. Aliyekuwa mnong'onezaji wa hofu amekuwa msema kweli. Kwa hiyo kilele kilikuwa mwisho wa safari moja, na huzuni imeikuta nafsi ileile ikiwa na sauti zake zote mbili.

6.0 Mipaka ya Hoja

Pingamizi tatu zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni kuwa SPARX, ambayo nasaha zake zinatamkwa waziwazi, imewasaidia vijana. Ni kweli, na hoja iliyotolewa hapa haidai kuwa nasaha haina kazi. Inadai kwamba katika Celeste nasaha inapata nguvu pale tu inapokuwa imezoezwa, na kwamba inapotengwa na zoezi inageuka hirizi. Hata katika SPARX mafunzo huandamana na matendo ambayo kijana huyafanya mwenyewe.

Ya pili ni nzito zaidi. Mchezo unaofundisha kwa kushindwa waweza kumwacha nje yule ambaye kushindwa kwenyewe ndiko ugonjwa wake, au ambaye vidole vyake haviwezi kufuata kasi inayotakiwa. Watunzi walilijibu jambo hili kwa kuweka hali ya usaidizi: mchezaji anaweza kupunguza kasi ya mchezo, kuongeza miruko, au kumfanya Madeline asife kabisa. Wapo wanaoona kuwa hilo linaibomoa fani iliyosifiwa hapo juu. Pingamizi lao lina uzito endapo fani itachukuliwa kuwa kipimo kimoja kwa wote. Lakini tiba ya kuikabili hofu haina kipimo kimoja. Hutegemea uwezo wa anayeikabili. Anayeupunguza mwendo kwa sehemu ndogo bado anaanguka na bado anarudia, kwa dozi yake. Anayekiondoa kifo kabisa anabaki na kisa na muziki, lakini hapati zoezi. Uamuzi ni wake, na mhakiki anaweza kueleza kilichopotea pasipo kumlaumu.

Ya tatu inatoka nje ya matini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha toleo la 11 la uainishaji wa maradhi, ambalo linautambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa. Duara linalomlinda mchezaji laweza pia kuwa pango la kujifichia, na mwenye wasiwasi ndiye mwepesi zaidi wa kujificha. Hapa kigezo cha kiuhakiki kinaweza kusaidia. Michezo mingi imetungwa isiwe na mwisho, kwa kuwa faida ya wauzaji wake inatokana na mchezaji kutoondoka. Celeste ina kilele. Ngano nayo ina fomula ya kuanzia na fomula ya kumalizia, na mtambaji asiyetoa ile ya pili hajaikamilisha kazi yake. Mchezo unaoweza kumsaidia mtu kuukabili wasiwasi hauna budi kuwa mchezo unaomruhusu aondoke.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uwezo wa Celeste wa kuwasaidia wenye wasiwasi unafafanulika vizuri zaidi kwa kuitazama fani yake kuliko ujumbe wake. Kifo cha sekunde moja, adui anayefuata hatua za mchezaji, unyoya unaofundishwa na kuharibiwa, na mlima unaopandwa mara ya pili: hivi ni vipengele vya utunzi, na ndivyo vinavyoufunza mwili kile ambacho maneno hayawezi kuufunza. Waganga wataendelea kupima ni kwa kiasi gani mafunzo hayo hudumu nje ya skrini, na hilo ni lao. Kwa upande wa uhakiki wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni kuichambua michezo ya video kwa uzito uleule ambao ngano na tanzia hupewa, bila ya kuiita dawa na bila ya kuiita upuuzi. Kuiita dawa kabla ya kuisoma ni kurudia kosa la Madeline katika sura ya sita: kuushika unyoya kana kwamba kuushika tu kunatosha.